Saa ya Jikoni kwa Bibi Klara

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi saa yangu ya ukutani, ile nyeupe ya kaure yenye maua ya buluu pembeni, kwa sababu ilikuwa imeanza kusimama kila alfajiri. Fundi mwenyewe ni mzee makini, ana kiduka karibu na stesheni. Aliisafisha, akaitia mafuta, na siku ya kuichukua akaniambia kwa fahari kwamba hata mishale ameiweka sawa, maana aliikuta imepotea kwa saa sita nzima. Nikamshukuru. Nilipofika nyumbani nilipanda kiti, nikaizungusha mishale mpaka ikapotea tena saa sita, ndipo nikavua koti.

Wewe unayesoma Kiswahili huhitaji kuelezwa sana. Sote tumezoea kutazama mshale kwenye nane na kusema ni saa mbili, wala hatuoni ajabu. Saa yangu hii haitaki usumbufu huo. Ikifika saa mbili, mshale unakaa kwenye mbili. Iliwekwa hivyo mara ya kwanza na mpishi mmoja wa Malindi, kwenye shamba la pareto huko Molo, kabla mama yangu hajazaliwa. Na kuna Ijumaa moja ambayo mimi, kwa kiherehere changu cha miaka tisa, nusura nimtoe bibi wa watu nyumbani kwake kwa sababu ya mishale hiyo.

Tulikuwa tunakaa Queensbury, huko London, mimi na mama, chumba kimoja juu ya duka la Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa. Shule ikifungwa hakuwa na wa kuniachia, kwa hiyo alinibeba kazini kwa siri, na kampuni yao ilikuwa imekataza hilo kabisa. Karatasi zake zilikuwa bado ziko kwa wakubwa zinasubiri muhuri. Bila karatasi hizo angeweza kutoka Uingereza, lakini kurudi asingeweza. Ndiyo maana tangu tulipotoka Kitale, mimi nikiwa wa miaka minne, nyanya yangu alibaki kuwa sauti tu kwenye simu ya kadi.

Mama alikuwa na tabia moja iliyonikera. Popote tulipo, kwenye basi, dukani, tukisubiri taa za barabarani, alikuwa akiangalia saa ya mkononi na kusema, "Saa hizi nyanya yako anakamua." Au, "Saa hizi nyanya yako anaota jua." Mimi nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia. Kila kitu nilimjibu kwa Kiingereza. Kiswahili nilikielewa chote, ila kilikuwa kimelala mdomoni, na sikuona sababu ya kukiamsha.

Siku ya kwanza kwa Bibi Klara nilijitia aibu kabla ya kuingia ndani. Kwenye mwimo wa mlango palikuwa na kijumba cha chuma chembamba, kimepigiliwa upande upande. Nikadhani ndiyo kengele. Nikakibonyeza kwa nguvu, nikasubiri mlio. Nikakibonyeza tena. Mlango ukafunguliwa na bibi wa Kizungu, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, akanitazama kidole changu kikiwa bado pale pale.

"Humo ndani mna maneno ya Mungu, sisi Wayahudi huyaweka mlangoni," akaniambia. "Ukitaka mimi nisikie, kengele iko huku."

Alisema kwa Kiswahili. Nilimgeukia mama, nikiamini ni yeye aliyesema.

Kiswahili cha Bibi Klara kilikuwa cha aina mbili, na mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Kimoja kilikuwa laini, cha pwani, chenye "tafadhali" na "ewe mwanangu". Hicho alifundishwa na mpishi, Mzee Salimu, aliyemlea jikoni. Kingine kilikuwa amri tupu: lete, toa, funga, upesi. Hicho alikisikia kwa baba yake akiongea na vibarua. Ungeweza kujua amelala vipi usiku kwa kusikiliza asubuhi anatumia kipi.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na yeye hakuchoka. Nyumba yake ilinukia kahawa, supu ya kuku na maua makavu ya pareto, ambayo alikuwa ameyaweka kwenye kopo la biskuti zaidi ya miaka arobaini. Nilifungua kopo, nikavuta harufu, kisha nikauliza. Ndivyo nilivyojua kwamba alizaliwa Ujerumani na kwamba Wayahudi walipoanza kufukuzwa huko baba yake, wakili, alipata kazi nchi moja tu duniani, ya kusimamia shamba la Mwingereza huko Kenya. Hakujua pareto ni mti au ni mnyama. Waliteremka Mombasa na masanduku matatu, joto la kukaanga samaki, mama yake amevaa koti la manyoya kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kulipakia.

"Waingereza wa Molo waliwakaribisha?" niliuliza.

"Walitupungia mkono kwa mbali. Kwenye klabu yao hatukuitwa. Vita vilipoanza wakaja kumchukua baba. Huko kwetu tulifukuzwa kwa kuwa ni Wayahudi, na huku tukakamatwa kwa kuwa ni Wajerumani." Alisema hivyo huku akimenya karoti, bila hasira, kama mtu anayesimulia ubishi wa majirani. Yeye na mama yake walitolewa shambani, wakawekwa chumba kimoja na wanawake wengine mpaka baba alipoachiwa.

"Na Mzee Salimu alikuwa akilala wapi?"

Kisu kilisimama. "Nyuma," alisema. "Kulikuwa na kibanda nyuma."

"Kikubwa?"

"Sijui. Miaka kumi na mbili na sikuwahi kuingia." Siku hiyo hakusimulia tena. Nilidhani nimemkosea adabu. Sasa najua nilimuuliza swali ambalo alikuwa amejiuliza mwenyewe na jibu hakulipenda.

Na jikoni kwake ndipo ilipokuwa ile saa. Nilipoiona mara ya kwanza niliihurumia. Mchana kweupe, tumeshakula, yenyewe inaonyesha nane, kama vile ni asubuhi, haijui hata adhuhuri imepita! Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, kwa vile kwangu saa nane ilikuwa neno la mdomoni mwa mama tu. Uso wa saa nilifundishwa na mwalimu wa London. Kumbe nilikosea mimi. Mama alisema ni saa nane. Saa ya mkononi ilionyesha mbili. Saa ya Bibi ilionyesha nane. Ilikuwa imesema sawasawa na mama, na mimi masikini ndiye niliyeona imeharibika. Nilimwonyesha mama. "Usiguse kitu cha watu," ndilo jibu nililopata, na mama akaendelea kukamua dekio.

Likizo ya Desemba nilikuta nyumba ina wasiwasi. Bibi Klara alikuwa amesahau sufuria motoni mara mbili, moshi ukatoka dirishani, na jirani akapiga simu kaunsili. Sasa kulikuwa na mwanamke wa kaunsili aliyekuwa aje siku ya Ijumaa kumpima akili. Akishindwa, atapelekwa nyumba ya wazee.

"Nikiwa na miaka sita nilihamishwa," Bibi alimwambia mama. "Nikiwa na saba nikahamishwa tena. Mama Nekesa, mara ya tatu sitaki. Kama ni kutoka humu, nitoke nimelala."

"Hutoki," mama alisema. "Wanauliza mambo madogo tu. Siku, saa, waziri mkuu. Tutafanya mazoezi."

Wakafanya mazoezi wiki nzima, juu ya viazi na juu ya sabuni. Bibi alijibu yote. Lakini nilimwona akimaliza kujibu anamtazama mama usoni kwanza, kuhakikisha. Alikuwa ameanza kujiogopa.

Ijumaa ikafika, mvua na giza, taa zinawaka tangu asubuhi. Mama alisugua nyumba nzima. Bibi alipopumzika baada ya chakula, na mama yuko juu bafuni, mimi nilibaki jikoni nikitafuta namna ya kusaidia. Nikatazama huku na huku. Masufuria yanang'aa. Vinara viwili vya fedha viko mezani na mishumaa yake, tayari kwa Sabato, kwa maana Ijumaa jua likikaribia kuzama Bibi huwasha. Hakuwa mtu wa kwenda sinagogi, ila mishumaa hiyo hakuiacha. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ile saa mbovu. Nikawaza, mgeni akiingia akaona saa imepotea namna ile, si atasema mwenye nyumba naye amepotea?

Nikapanda kiti. Nikafungua kioo, nikazungusha mishale taratibu mpaka ikalingana na saa yangu ya plastiki ya waridi. Nilijisikia vizuri jamani, siwezi kukuficha. Nilikusudia kuwaambia wakishafurahi wote.

Kengele ilipolia mama alinisukuma stoo ya chakula, pembeni mwa jikoni. "Usikohoe," alinong'ona. "Ukitoka humo nimefukuzwa kazi, na kazi ikienda, chumba nacho kimeenda. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaurudisha mlango, ukabaki ufa wa upana wa kidole, na mimi nikaweka jicho hapo.

Mwanamke wa kaunsili alikuwa mpole, koti limelowa, faili mapajani. Aliomba abaki na Bibi peke yao, kwa hiyo mama akatumwa maziwa. Waliongea Kiingereza. Leo ni siku gani? Ijumaa. Waziri mkuu ni nani? Bibi akamtaja, akaongeza kwamba yeye hakumpigia kura. Mwanamke akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha akauliza sasa ni saa ngapi.

Bibi Klara aliinua macho ukutani. Alitazama muda mrefu mno. Halafu akajibu kwa Kiingereza kwamba ni tisa na dakika tano. Tisa ya Kizungu, saa tatu usiku.

Niliangalia mkono wangu. Ilikuwa tatu na dakika tano ya Kizungu. Nikatazama saa ya ukutani. Tatu na dakika tano. Nikarudia moyoni, tatu, saa tatu, saa tatu usiku ni ile tisa ya Kizungu, na mama akisema saa tatu tunalala. Nilihesabu kwa vidole, gizani, kati ya unga na makopo ya nyanya. Zikaja sita. Nikahesabu tena zikaja sita. Saa haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa inasema Kiswahili, na mimi ndiye niliyeigeuza.

"Saa tatu usiku," Bibi alikuwa akisema, sasa amesimama, mikono juu ya meza. "Nimelalaje hivyo? Mbona Mama Nekesa hakuniamsha? Jua limezama na sijawasha. Mama yangu hakukosa Ijumaa hata moja. Mishumaa ilipokwisha wakati wa vita aliwasha utambi kwenye mafuta ya kupikia. Hata moja hakukosa."

Angetazama nje angeona mwanga kidogo. Lakini nje kulikuwa kiza cha mvua, yeye ametoka usingizini, na kati ya saa na kichwa chake aliamua kuamini saa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwanamke wa kaunsili alimwambia akae, asijali, kwa sauti ile wanayowasemesha watoto wa chekechea, na kalamu yake ikaanza kwenda. Niliisikia karatasini. Bibi akakaa. Mkono wake ulikuwa unapapasa mezani ukitafuta kiberiti kilichokuwa mbele yake.

Niliwaza chumba chetu. Nilimwaza mama akishuka ngazi za yule Mhindi na masanduku. Wallahi nilitaka kubaki stoo. Lakini ule mkono haukuacha kupapasa, na mimi nikasukuma mlango.

"Ni mimi, Bibi," nilisema. "Saa nimeigeuza mimi. Nilidhani imeharibika."

Kilitoka Kiswahili. Sikukichagua, ndicho kilichokuwa karibu.

Bibi alinitazama. "Basi sasa ni saa ngapi, mwanangu? Nambie kweli."

Nikanyoosha mkono na ile saa ya waridi. "Saa tisa na dakika nane."

"Jua halijazama?"

"Bado."

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. Mwanamke wa kaunsili akauliza, mtoto huyu ni nani? Bibi akafuta macho akajibu kwa Kiingereza safi: mjukuu wangu. Yule mwanamke akanitazama mimi, mweusi tii kama mama yangu, akamtazama Bibi, na kalamu ikainuka tena.

"Andika tu," Bibi alimwambia. "Kwa lugha iliyonilea mimi, mtoto anayekula jikoni kwangu ni mjukuu wangu. Na andika saa pia. Kwako ni tatu na dakika tisa. Kwangu ni saa tisa na dakika tisa. Kwa mama yangu zimebaki dakika ishirini na kitu kabla ya mishumaa. Chukua unayoitaka."

Mwanamke wa kaunsili hakuandika. Nadhani hakujua kama amesikia akili au wazimu uliopangika vizuri. Wakati huo huo mama akaingia na maziwa. Aliponiona pale katikati ya jikoni, alisimama ghafla mlangoni. Akatazama pembeni asinitazame mimi, macho yakapanda ukutani, na kabla hajajizuia akasema kwa Kiingereza, "Nani ameichezea hii saa? Mbona imeharibika? Inaonyesha tatu!"

Mwanamke wa kaunsili akatazama saa ya mkononi mwake. Akatazama ya ukutani. Zilikuwa sawa kwa sawa. Akamwomba mama aeleze saa iliyo sawa imeharibika vipi, na mama, bado ameshika maziwa, akaeleza. Taratibu yule mwanamke akaanza kucheka. Alikata kwa mstari mrefu yale aliyoandika, akafunga faili.

Bibi Klara alibaki nyumbani kwake miaka mitano mingine, na akatoka kama alivyotaka, amelala; saa aliniachia mimi. Mama hakuepuka adhabu. Yule mwanamke alilazimika kuandika kwamba amekuta mtoto, kampuni ikampa onyo, ikamhamishia kwa wazee wa Lewisham, ng'ambo ya mji, basi, treni, basi tena. Miezi mingi alitoka sijaamka. Hakuniambia kwamba ni kosa langu, na mimi nilijua ni langu. Lakini kila Ijumaa aliyopata nafasi tulikwenda kwa Bibi, sasa bila kujificha, kama wageni.

Siku ile yenyewe, mgeni alipoondoka, Bibi aliniambia nipande kiti niirudishe mishale kabla ya Sabato. Nikaizungusha yeye akinitazama, na mkono wake umenishika mgongoni nisianguke. Ndipo nikamuuliza kwa nini hasa iliwekwa hivyo.

Akasema saa hiyo waliitoa kwao kwenye sanduku la pili, imefungwa ndani ya mto. Nyanya yake, mama wa mama yake, alikuwa amebaki Ujerumani. Kwa hiyo mama yake aliitundika jikoni Molo ikionyesha saa ya kule, na kila mara aliitazama na kusema, sasa mama anakunywa kahawa, sasa mama anafunga madirisha. Mzee Salimu naye alihitaji kujua mkate utoke lini, kwa hiyo alipopita aliigeuza iseme saa yake. Mama yake akairudisha. Salimu akaigeuza. Miaka, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

"Baada ya vita ikaja barua," Bibi alisema. "Kwamba kule hakuna mtu aliyebaki. Jioni hiyo Salimu hakuigusa saa, alimhurumia. Ni mama aliyepanda kiti. Akaiweka saa ya Salimu, akashuka, akamuuliza mkate utakuwa tayari lini. Haikurudishwa tena."

Kisha akawasha kiberiti, kwa kuwa wakati ulikuwa umefika, na mama yangu akazima redio.

Tulipanda basi la kurudi giza limeshaingia. Mama alikaa dirishani, mkoba mapajani, na nilijua anahesabu kodi na kumtafuta wa kumwomba kazi. Baada ya vituo kadhaa aliinua mkono, akatazama saa yake kwenye mwanga wa taa za barabarani, kama kawaida yake. Midomo ilifunguka. Halafu akaushusha mkono bila kumtaja nyanya.

Nikamsogelea mpaka bega likagusa bega.

"Mama," nilimuuliza, kwa Kiswahili, "saa hizi nyanya anafanya nini?"